Kapita Asiye na Uwezo: Kosa ni la Nani?



Katika juma la pili la Majilio nilipata barua kwa telefone kutoka kwa kijana mmoja wa parokia yetu. Wengine wenu mnamkumbuka, ijapokuwa jina lake silitaji. Alikuwa mtumishi wa altare. Alikimbia na wazazi wake wakati wa vita, wakakaa kambini miaka mingi, mwisho wakapelekwa Marekani. Huko alipata kazi ya ushofere katika kampuni ndogo inayopeleka vifurushi nyumba kwa nyumba, kwa niaba ya kampuni kubwa. Baada ya miaka miwili alipandishwa cheo. Sasa hashiki tena usukani. Anakaa ndani ya buro, anawagawia mashofere kazi ya siku, kisha anawafuata njiani kwa telefone. Sisi huku tungesema: amekuwa kapita.

Lakini barua yake haikuwa ya kufurahia cheo. Naifupisha. Asubuhi moja shofere mzee, mtu wa miaka 58, alikuja mbele ya meza yake akamwonyesha goti lililovimba. Akaomba apunguziwe mzigo, siku ile tu. Orodha yake ilikuwa na vituo 172 na vifurushi 290. Tena kituo kimoja si mlango mmoja. Mara nyingine ni jumba la ghorofa nne lenye familia nyingi, na ngazi ni za kupanda kwa miguu. Kijana akatazama kioo cha kompyuta. Orodha ilikuwa imekwisha pangwa usiku na mashini ya kampuni kubwa, wala hakuona mahali pa kugusa ili kuipunguza. Akamwambia: “Baba, ndiyo kazi ya leo.” Mzee akaenda. Akarudi saa tatu ya usiku akichechemea, gari tupu, mzigo wote umefika. Kesho yake patro akamsifu kijana, kwa sababu hakuna kifurushi kilichorudi. Juma lililofuata mzee hakuja kazini, wala hakuja tena.

Kijana akamaliza hivi: “Katekista, niungame? Kama ni dhambi yangu, niambie. Kama si yangu, niambie ni ya nani.”

Nilimjibu upesi mno. Nilimwandikia kwamba mtu halazimishwi kufanya lisilowezekana, kwamba yeye alitii tu, basi alale kwa amani. Neno hilo nililifundishwa seminarini, nalo ni la kweli. Lakini usiku nilipolala mimi ndiye niliyekosa usingizi, kwa sababu neno la kweli likitolewa kwa haraka laweza kumfunga mtu macho badala ya kumfungua. Asubuhi nilianza kufikiri upya, na mawazo hayo ndiyo nawaletea.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe inavyopangwa, maana huku kwetu mzigo hupakiwa mbele ya macho ya watu, na kapita huona mgongo wa mpakizi. Kule si hivyo. Chukueni mfano wa Amazon, kampuni inayojulikana dunia nzima. Tangu mwaka 2018 imeweka mpango huu: haiwaajiri yenyewe mashofere wengi wanaopeleka mizigo yake. Inafanya mapatano na makampuni madogo, maelfu sasa, kila moja na magari yake 20 au 40 hivi. Mwenye kampuni ndogo aliambiwa kwamba aweza kuanza kwa dola 10,000. Yeye ndiye anayewaajiri mashofere, anayewalipa, anayewafukuza. Magari lakini yana alama ya kampuni kubwa, nguo za kazi pia. Njia ya kila siku, idadi ya vituo na muda unaotazamiwa vinapangwa na kompyuta za kampuni kubwa. Ndani ya magari mengi zimewekwa kamera zinazomtazama shofere. Kila juma kampuni ndogo inapewa alama, kama mtoto wa shule, na alama hizo zinagusa fedha itakayopata.

Angalieni basi jinsi uwezo ulivyogawanywa. Kuamua mzigo wa mtu kuko juu. Kumtazama mtu usoni kuko chini. Na katikati amekaa mtu mwenye cheo, mwenye kiti, mwenye kompyuta, ambaye wote wanamwita mkubwa.

Mwaka 2021, tarehe 10 Desemba, tufani kali ilipiga mji wa Edwardsville katika jimbo la Illinois, ikabomoa kituo cha mizigo cha kampuni hiyo. Watu sita walikufa. Baadaye shirika la habari la Bloomberg lilitangaza maandiko yaliyopita jioni ile kati ya shofere mmoja, aliyekuwa njiani na gari lake, na mgawa-kazi wake wa kampuni ndogo. Shofere alisema kwamba onyo la tufani linatangazwa. Akajibiwa aendelee na kazi, kwa maana hawawezi kuwaita watu warudi kwa ajili ya onyo tu, kama Amazon haijasema. Shofere alipozidi kuomba, akaelezwa kwamba kurudi na mzigo kutahesabiwa kuwa ni kukataa kazi. Shofere huyo alipona. Habari ilipotoka, kampuni kubwa ilisema kwamba mgawa-kazi hakufuata utaratibu wa usalama, kwamba alipaswa kumwambia shofere mara moja akimbilie mahali salama.

Niliisoma habari hiyo mara nyingi. Yule wa chini alisema: siwezi, mpaka wa juu aseme. Wale wa juu wakasema: wa chini ndiye aliyepaswa kusema. Kila mmoja alimwonyesha mwenzake kwa kidole, na katikati ya vidole hivyo alikuwako mtu ndani ya gari, usiku, mbele ya upepo.

Sasa turudi kwa swali. Mafundisho ya Kanisa yanasema kwamba dhambi yataka mambo matatu: neno lenyewe liwe baya, mtu ajue, mtu apende. Kijana wetu hakupenda goti la mzee liharibike. Wala orodha hakuiandika yeye. Walimu wetu walitufundisha tena kupambanua namna mbili za kushiriki tendo la mwingine. Kuna kushiriki kwa moyo, yaani kutaka lile baya analolitaka yule mwingine. Na kuna kushiriki kwa mkono tu, bila kulitaka. Namna ya kwanza ni kosa sikuzote. Ya pili yapimwa: baya lenyewe ni kubwa kadiri gani? Mkono wako u karibu nalo, au u mbali? Una sababu gani ya kubaki? Ungeweza kufanya nini ukaacha?

Swali hilo la mwisho ndilo nililoliruka katika jibu langu la kwanza.

Fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya tano. Farao anaamuru watu wa Israeli wasipewe tena majani makavu ya kufyatulia matofali; wayatafute wenyewe, lakini hesabu ya matofali isipungue hata moja. Chini ya Farao kuna wasimamizi Wamisri. Chini ya hao kuna wanyapara waliochaguliwa katika Waisraeli wenyewe. Hao ndio makapita wetu. Hesabu hawakuiweka wao, wala hawawezi kuipunguza, na isipotimia wao ndio wanaopigwa. Maandiko hayasemi kwamba waliwageukia ndugu zao kwa fimbo. Yanasema kwamba walikwenda wenyewe mpaka kwa Farao, wakamweleza kwamba kosa ni la watu wake. Farao akawaita wavivu, wakatoka bila kupata kitu. Hata Musa na Haruni wakawalaumu, kwa uchungu. Walakini neno lilikuwa limesemwa mahali palipostahili, na mbele ya mtu mwenye kuweza. Farao hakuweza tena kusema kwamba hakujua.

Wekeni mbele ya hao mtu mwingine, Pilato. Yeye alikuwa na uwezo, akajifanya hana. Akanawa mikono kwa maji mbele ya watu. Na Bwana wetu Yezu Kristu, katika Injili ya Yoane, alimweleza kwamba uwezo wake umetoka juu, na kwa hiyo aliyemtoa mikononi mwake ana dhambi kubwa zaidi. Wakristu wengi husikia hapo kwamba Pilato amesamehewa. Sivyo. Anayesema kwamba moja ni kubwa zaidi amekwisha sema kwamba ziko mbili.

Ndiyo sababu siwezi kumwambia kijana kwamba hana neno lolote, wala siwezi kumtwika neno lote. Kosa la kuweka mzigo usiofaa ni la wale walioupima bila kumwona mchukuzi. Papa Yoane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi, alipambanua mwajiri wa karibu na mwajiri wa mbali. Wa karibu ndiye mwenye kuandika mapatano ya kazi. Wa mbali ni wote wenye kuamua mambo ambamo mapatano hayo yanaandikwa: serikali kwanza, na sheria, na makampuni makubwa pia. Akafundisha kwamba wa mbali naye anadaiwa haki. Mwaka 2024, huko Marekani, ofisi moja ya eneo ya baraza la serikali linaloangalia mambo ya wafanyakazi iliona kwamba Amazon ilikuwa mwajiri pamoja na kampuni ndogo iliyofanya kazi katika mji wa Palmdale, California. Kampuni ilikataa neno hilo. Lakini swali lenyewe ni lile lile la kijana wetu, limeingia sasa mbele ya wanasheria.

Wengine watasema: hakuna aliyeamua, ni mashini tu. Neno hilo tulikatae. Mashini haina dhambi kwa sababu haina moyo. Inahesabu kile ilichoambiwa kuhesabu: umbali, dakika, uzito, idadi ya milango. Goti haikuambiwa. Kuna mtu aliyechagua yahesabiwe haya na yaachwe yale, na mtu huyo anakula, analala, ana jina. Papa Leo XIV, alipochaguliwa mwaka 2025, aliwaeleza makardinali kwamba amechukua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII, aliyewatetea wafanyakazi katika barua yake ya mwaka 1891, kwa kuwa leo tena kazi ya watu inageuzwa na mashini zenye akili. Leo XIII alikwisha fundisha kwamba si haki wala utu kumlemea mtu kwa kazi hata akili ipumbae na mwili uchakae.

Sisi Wakongo tunaposikia habari ya kapita na hesabu, kuna jambo linalotusumbua moyoni. Neno lenyewe lilitoka kwa Wareno. Katika siku za Léopold II, kati ya mwaka 1885 na 1908, vijiji vingi viliwekewa kapita mwenye bunduki ili mpira ufike kwa kadiri iliyoamriwa. Mzungu wa kituo alipata fedha zaidi kadiri mpira ulivyozidi. Na wale waliochuma faida Ulaya wengi wao hawakuona kamwe mkono wala mti. Sisemi kwamba kazi ya vifurushi ni sawasawa na mpira. Shofere wa Marekani analipwa, aweza kuacha, hakuna anayempiga. Kusema ni sawa kungekuwa kuwatukana wafu wetu. Lakini wazee wetu wanajua jambo moja ambalo vijana hawana budi kulisikia: hesabu ikitoka mbali, na wa kati akilipwa kwa hesabu, masikio ya wa kati huziba polepole, hata akiwa mtu mwema.

Sasa, je, dawa ni kumpa kapita uwezo wote juu ya mizigo? Hapo nasita. Nimefanya kazi ya bandari kando ya ziwa kabla sijaingia seminarini, nikaona kapita aliyekuwa na uwezo huo. Magunia mepesi yaliwaangukia wa kabila lake na wenye kumnunulia pombe. Mazito yalituangukia sisi. Tena kifurushi ukikitoa katika gari la mmoja, hakifi. Kinaingia katika gari la mwingine. Mgongo wa pili nao ni mgongo. Kwa hiyo kipimo kimoja kwa wote, kilichowekwa mbali na upendeleo, chaweza kuwa ulinzi wa mnyonge. Hilo tulikubali bila kinyongo.

Walakini katika kitabu kile kile cha Kutoka, sura ya 18, Yetro anamwona Musa akihukumu watu tangu asubuhi mpaka jioni, akamshauri aweke wakubwa wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Mambo madogo waamue wao. Magumu tu yapande kwa Musa. Mkubwa wa kumi alikuwa mdogo sana, lakini katika kumi wake alikuwa mkubwa kweli. Papa Pius XI alifundisha jambo la namna hiyo mwaka 1931: si haki jamii kubwa inyang'anye ile ndogo kazi inayoweza kuifanya yenyewe. Katika kazi ya vifurushi utaratibu umepinduliwa. Jambo dogo kabisa, kama kupunguza milango 30 siku moja kwa ajili ya goti moja, laamuliwa juu. Na jambo kubwa, kama kumwokoa mtu wakati wa tufani, inasemekana liko mikononi mwa yule wa chini.

Palipo na mapatano mema, jambo hilo lilianza kutengenezwa. Katika kampuni ya UPS, mashofere walio katika chama cha Teamsters wana kifungu kinachomruhusu shofere kuandikwa kwamba hataki kupitishwa saa 9 na nusu kwa siku. Akipitishwa siku tatu za juma moja, aweza kushtaki, na kampuni inalipa. Ona uzuri wake: haimtegemei kapita awe mwema. Inampa kapita neno la kuwaambia wa juu: tukimzidishia huyu, tutalipa. Ujerumani iliweka sheria mwaka 2019 kwamba kampuni kubwa ya vifurushi itadaiwa michango ya bima ya wafanyakazi, kama kampuni ndogo iliyopewa kazi haikuilipa. Na tangu mwaka 2025 huko, kifurushi cha zaidi ya kilo 10 hakina budi kuwa na alama ya uzito, na cha zaidi ya kilo 20 kipelekwe na watu wawili, isipokuwa kama mmoja amepewa chombo cha kumsaidia. Yaani sheria iliona mgongo ambao mashini haikuuona.

Haya yote nilimwandikia kijana katika barua ya pili, ndefu. Nilimwomba kwanza anisamehe kwa ile ya kwanza. Kisha nikamuuliza maneno ambayo nilipaswa kuanza nayo. Asubuhi ile, je, palikuwa na shofere mwingine aliyemaliza mapema, ambaye angeweza kutumwa mchana kumsaidia mzee? Je, ungeweza kumwambia arudi na kilichobaki, alama zishuke juma moja? Je, ulimwandikia patro habari ya goti, au ulingoja akusifu? Ulimwambia mzee kwamba orodha hii si sawa nawe huwezi kuipunguza, au ulisema tu kwamba ndiyo kazi ya leo, kana kwamba mvua ndiyo iliyoileta?

Siyaulizi maneno haya kama mtu aliye safi. Mimi pia ni kapita. Kila mwaka napewa hesabu ya mchango wa ibada ambao familia za kigango changu zinapaswa kutoa. Hesabu hiyo siiweki mimi. Mwaka mmoja nilisimama mlangoni kwa mjane, nikasoma jina lake na kiasi chake, nikasema “ndivyo parokia ilivyoandika”. Alitoa. Baadaye nilisikia kwamba ilikuwa fedha ya dawa. Padri, alipoambiwa, alishangaa: angemfuta mara moja, kama ningepanda kumwambia. Nilikuwa sijajaribu. Niliuamini mpaka wa uwezo wangu bila kwenda kuugusa kwa mkono.

Kijana alijibu baada ya siku tisa. Alisema kwamba swali la kwanza lilimchoma, kwa sababu shofere mwingine alikuwako: saa kumi mchana alikuwa amekwisha maliza, akapewa ruhusa ya kwenda nyumbani. Kumtuma kungekuwa kulipa masaa zaidi, na patro hapendi. Hakumuuliza patro. Alikwenda kuungama neno hilo moja, si lile la orodha.

Kisha akatafuta nyumba ya mzee. Alimkuta ameweka mguu juu ya kiti. Wakazungumza muda mrefu, mzee bila kumtukana, na hilo likawa gumu zaidi kulichukua. Mzee alikuwa na karatasi ya kudai kwamba goti liliumizwa kazini, lakini palitakiwa mtu wa kushuhudia kwamba alisema habari hiyo siku ile, kabla ya kuondoka na gari. Kijana aliandika alichokiona na alichojibu, tarehe na saa, na idadi ya vituo, akatia sahihi. Nakala moja aliipeleka mwenyewe kwa patro, akamwambia aisome mbele yake.

Karatasi imekwisha kwenda juu. Mpaka leo jibu halijarudi, naye bado yuko kwenye meza ile ile, akigawa orodha za asubuhi.